Zora Neale Hurston: fanani aliyehukumiwa kama mwandishi tu

Lawama nzito kuliko zote dhidi ya Zora Neale Hurston, mwandishi mweusi wa Marekani na mkusanyaji wa ngano, ilitolewa na mwandishi mweusi mwenzake. Mwaka 1937 Richard Wright, akiihakiki riwaya mpya ya Hurston, alidai kwamba Hurston anaendeleza yale maigizo ya zamani yaliyowafanya Wazungu wacheke wakiwatazama watu weusi, na kwamba riwaya yenyewe haina ujumbe wowote. Wright, mzaliwa wa Mississippi, alikuwa ameishi chini ya ubaguzi ambao mtu mweusi aliweza kuuawa na genge la watu bila yeyote kufungwa. Kwa mtu kama huyo, kumwona mwandishi wa Florida akishughulikia ngano, uganga na masimulizi ya ajabu ya wanakijiji waliokaa kwenye baraza ya duka kulifanana na kuukwepa msiba. Hoja hiyo ina uzito.

Ila ni hoja inayomsoma Hurston kama mtu wa karatasi peke yake, na hapo ndipo inapomkosea. Sisi tuliofundishwa fasihi simulizi shuleni tunajua kwamba ngano haikamiliki bila fanani (msimulizi au mwimbaji anayetenda mbele ya watu), hadhira na utendaji. Hurston aliligundua hilo kwa kushindwa. Mwaka 1927, akiwa mwanafunzi wa mwanaanthropolojia Franz Boas, alirudi nyumbani Florida kukusanya simulizi, akawauliza watu maswali kwa lafudhi ya chuoni, nao wakamjibu kwa adabu kwamba hawana la kusimulia. Baadaye, katika kambi ya wakata mbao huko Polk County, alishukiwa kuwa mpelelezi kwa sababu ya gari lake na gauni lake la dola 12.74, wakati wanawake wengine pale walivaa magauni ya dola 1.98. Aliyataja yote mawili mwenyewe, na akaeleza kwamba shaka iliondoka pale alipoimba pamoja nao beti za wimbo wa John Henry, shujaa wa nyimbo za wafanyakazi wa reli. Kuanzia hapo simulizi zikamiminika. Kuimba kwake, basi, kulikuwa ndiyo njia ya utafiti, na kitabu cha ngano alichokichapisha mwaka 1935 kilitokana na njia hiyo.

Ndiyo maana ni kosa kuyachukulia maonyesho yake kama burudani ya pembeni. Tarehe 10 Januari 1932, katika ukumbi wa John Golden mjini New York, alionyesha siku nzima ya kambi ya wajenzi wa reli, tangu kuamshwa alfajiri hadi ngoma za usiku, pamoja na wachezaji waliotoka Bahama. Mwaka 1939, huko Jacksonville, sauti yake ilirekodiwa na rekodi hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Humo anaimba nyimbo za wafanyakazi wa reli na kueleza jinsi kazi inavyokwenda na wimbo: kiongozi huanza, wenzake hushika mitaimbo, na mstari unapofika ukingoni wote husukuma reli kwa pigo moja. Alipoulizwa namna anavyojifunza nyimbo, alijibu kwamba hujichanganya na watu wanapoimba, hujaribu kuimba pamoja nao, kisha huurudia wimbo mbele yao mpaka wakubali kwamba ameuweza. Waliokuwa waamuzi wake wa kwanza ni watu wa kambini, na huo ni ushahidi ambao wakosoaji wake hawakuusikiliza.

Je, alijiuza kwa Wazungu? Hapa hesabu inastahili kuangaliwa kwa makini. Kwa mkataba wa Desemba 1927, tajiri wa New York, Charlotte Osgood Mason, alimlipa dola 200 kwa mwezi, na simulizi zote alizokusanya zikawa mali ya Mason. Hata kwa onyesho lile la 1932, Hurston alilazimika kukopa kwa Mason na kuomba ruhusa ya kutumia simulizi alizozikusanya mwenyewe. Mrabaha mkubwa kuliko wote aliowahi kuupata kutokana na kitabu chake chochote ulikuwa dola 943.75, yaani pungufu ya malipo ya miezi mitano ya Mason. Mwaka 1950 alikuwa akifanya kazi za ndani katika nyumba ya watu Miami, na alipofariki mwaka 1960 alizikwa katika kaburi lisilo na alama. Mtu anayesema kwamba kicheko cha Wazungu kilimnufaisha Hurston hana budi kueleza faida hiyo ilikwenda wapi.

Doa moja halifutiki. Makala yake ya mwaka 1927 kuhusu Oluale Kossola, aliyeitwa Cudjo Lewis, mmoja wa watu wa mwisho walionusurika katika jahazi la watumwa lililofika Alabama mwaka 1860, kwa sehemu kubwa ilinakiliwa kutoka kitabu cha Emma Langdon Roche cha mwaka 1914. Wizi huo uligunduliwa mwaka 1972, na hakuna maelezo ya utendaji yanayoweza kuuhalalisha. Hata hivyo, Hurston alimrudia Kossola na kukaa naye takriban miezi mitatu, akimpelekea mapichi, wakila tikiti maji pamoja, akikubali kuondoka siku ambazo mzee hakutaka kuongea. Safari hii aliandika maneno ya mzee kama mzee alivyoyatamka, na mchapishaji alipomtaka aubadilishe usemi huo uwe Kiingereza sanifu, alikataa. Mswada huo, uliokamilika mwaka 1931, ulichapishwa mwaka 2018 kwa usemi uleule wa Kossola.