Saa 8 au saa 12: zamu za usiku za wanaoongoza setilaiti

Tangu setilaiti ya Taifa-1 iliporushwa tarehe 15 Aprili 2023, mazungumzo ya anga za juu hapa Nairobi yamehusu zaidi kamera yake na picha za mashamba yetu, na ni nadra kumgusa mtu anayekaa mbele ya skrini saa kumi alfajiri akisubiri chombo kipite. Kabla hatujawa na setilaiti nyingi za kuangaliwa usiku na mchana, inafaa tuamue zamu ya mtu huyo idumu kwa saa 8 au kwa saa 12.

Wanaotetea saa 12 wana hoja nzito, na jiji hili linaiongezea uzito. Zamu zinazoanza saa moja asubuhi na saa moja jioni hubadilishwa mara mbili tu kwa siku, na kila makabidhiano yanapopungua, hupungua pia nafasi ya habari kupotea kati ya anayetoka na anayeingia. Mfanyakazi naye hupata siku nyingi zaidi za kukaa na familia yake. Isitoshe, zamu za saa 8 kwa kawaida huleta badiliko la saa nne usiku, na yeyote anayeishi Kayole au Githurai anajua ilivyo kusubiri matatu mjini saa hiyo, kisha kutembea gizani kutoka stejini hadi mlangoni. Hata sheria haiwapingi: amri ya jumla ya mishahara nchini huweka saa 52 za kawaida kwa juma, lakini humruhusu mfanyakazi wa usiku kufika saa 60, yaani zamu tano za saa 12. Kwangu hili ni jambo la kusikitisha, kwa sababu anayepambana na usingizi ndiye aliyeruhusiwa kuongezewa saa.

Upande wa pili una ushahidi ambao sioni namna ya kuupita. Tume iliyochunguza ajali ya Challenger, chombo cha anga za juu cha Marekani, ilieleza pia tukio lililotangulia kwa wiki tatu hivi, tarehe 6 Januari 1986, katika kituo cha Kennedy huko Florida. Columbia, chombo kingine cha aina hiyo, ilikuwa ikiandaliwa kurushwa, na kwa makosa ya wahudumu wa mitambo zaidi ya tani 8 za oksijeni ya kimiminika zilitoka kwenye tangi. Urushaji ukasimamishwa zikiwa zimesalia sekunde 31. Wahudumu hao walikuwa katika saa ya 11 ya zamu ya saa 12, tena usiku wa tatu mfululizo. Uchovu wao ulitajwa kuwa miongoni mwa sababu kuu.

Niliwahi kufanya zamu kama hizo katika chumba cha mitambo ya mawasiliano cha kampuni moja hapa Nairobi. Usiku wa tatu niliandika kipimo cha joto la betri katika safu ya siku iliyotangulia, nikakisoma mara mbili, nikatia sahihi. Aliyeliona kosa ni mwenzangu wa asubuhi, akiwa amesimama, begi bado mgongoni. Tangu siku hiyo siamini kwamba makabidhiano ni mahali pa kupoteza habari tu, kwani jicho lililolala vizuri huona mara moja kile ambacho jicho lililokesha limekipita. Huko Houston, wanaoongoza kituo cha kimataifa cha anga za juu hufanya zamu za kama saa 9, ikiwemo takriban saa moja ya kukabidhiana, na naamini saa hiyo haipotei bure.

Wapo wasemao mjadala huu ni wa mapema, kwa kuwa setilaiti ndogo ikipita juu yetu huonekana kwa dakika 10 hivi tu, na kompyuta inaweza kupokea data yake bila mtu. Ni kweli kwa siku za kawaida. Lakini hitilafu inapotokea, anayeamshwa kitandani hutakiwa kutoa amri sahihi ndani ya dakika hizo chache, akili yake ikiwa bado haijaamka sawasawa.

Kwa hiyo ningeziacha saa 12 kwa mchana pekee, ikiwa wafanyakazi wenyewe wanazitaka. Usiku ningeugawa kwa zamu zisizozidi saa 9, na mtu asikeshe zaidi ya mara mbili mfululizo. Hoja ya matatu naiheshimu, ila naona imeelekezwa kusiko: hatari ya njiani ni mzigo wa mwajiri kuutatua, na haiwezi kuwa sababu ya kumweka mtu kwenye mitambo saa tatu zaidi. Gari la kuwafikisha watu wanne au watano nyumbani saa nne usiku ni gharama inayojulikana, na mahali pake ni katika bajeti ya kituo tangu mwaka wa kwanza, kando ya antena na umeme.