Kivuli cha Goti Moja

Mimi nilitaka mti wa kivuli, mke wangu alitaka kichaka cha maua, na kwa wiki mbili nzima tulibishana kana kwamba bustani yetu ilikuwa na nafasi ya shimo moja tu. Hoja zangu nilizijenga kwa hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi inayonipa riziki: jua likiwa katikati ya upeo wa macho na utosi, urefu wa kivuli huwa sawa na urefu wa kitu chenyewe, kwa hiyo mti wa mita 8 ukipandwa upande wa magharibi wa benchi ungetufunika sote wakati wa alasiri na kivuli kingebaki. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza mti huo ungechukua miaka mingapi kufika mita 8, na katika miaka hiyo yeye angekuwa anatazama nini dirishani. Swali hilo halikuwamo katika jedwali langu. Tukakubaliana kununua vyote viwili.

Kwenye kitalu tulipewa miche miwili katika mifuko myeusi ya plastiki, kila mmoja ukiwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu: mmoja fikasi, mti wa kivuli wa jamaa moja na mkuyu, na mwingine bogonvilia, kichaka cha mapambo. Njiani mvua ikanyesha. Tulipofika nyumbani, vikaratasi vilikuwa vimebaki na madoa ya bluu ambayo hata aliyeyaandika asingeyasoma. Mke wangu alishauri turudi tukaulize. Mimi nilicheka, kwa sababu jibu lilikuwa mbele ya macho yetu: mche mmoja ulikuwa na shina moja lililonyooka, umefungwa kwenye kijiti, unanifika kifuani, na juu una kichwa cha majani cha mviringo, yaani mti kama kila mtoto anavyouchora. Mwingine ulikuwa mfupi, matawi yake yalianzia chini kabisa, na vijani vyake vidogo vya kung'aa vilining'inia kwa aibu.

"Una hakika, Baba watoto?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, lakini nani hukumbuka methali akiwa ameshika jembe? Wakati huo sikujua kwamba wakulima wa maua huweza kuilea bogonvilia kwa shina moja, wakiondoa kila tawi la chini mpaka ifanane na mti mdogo, wala kwamba mti wa kivuli, ukiwa bado mchanga, hauna sababu yoyote ya kufanana na mti. Niliupanda ule mrefu katikati ya bustani, nikaweka benchi upande wake wa mashariki kwa kufuata jedwali. Ule mfupi tuliupanda chini ya dirisha, mita 1 kutoka ukutani, juu ya njia ya bomba la maji machafu.

Baada ya siku chache mche wa dirishani ukaanza kupukutisha majani. Fikasi ndivyo ilivyo, ukiihamisha tu husononeka na kudondosha majani, lakini sisi tuliamini kwamba kichaka cha maua kinakufa. Mke wangu alikihudumia kama mgonjwa, akakimwagilia asubuhi na jioni, na majani yaliporudi akaanza kukikata kwa mkasi kila mwezi ili kiwe duara zuri kama mpira. Maua hayakutoka. Mwaka wa tatu ndipo vilipotokea vitufe vidogo vya kijani kwenye makwapa ya majani, na mke wangu akaniita kwa furaha nije nione matumba. Tulisubiri matumba hayo yachanue. Yaligeuka manjano, kisha mekundu, kisha ndege wakayala. Jamaa ya mkuyu na mtini huficha maua yake ndani ya kitunda chenyewe, na mwanadamu anaweza kukaa dirishani hadi uzeeni asione hata moja likifunguka.

Mimi nami sikuwa na nafuu. Nilipotaka kupima maendeleo ya mti wangu, nilifunga utepe mwekundu kwenye shina, usawa wa kifua changu, nikiamini kwamba mti unapokua shina hupanda juu na kila kitu kilichomo, kama mtu anayesimama kutoka kitini. Kila mwisho wa mwezi nilisimama kando ya utepe huo, mgongo umenyooka, na kila mwezi ulikuwa palepale. Nilishuku kwanza kwamba mti ni mvivu, kisha nikashuku kwamba mimi ninarefuka. Mti hurefuka kwenye ncha za matawi yake, shina hunenepa tu, na alama iliyowekwa usawa wa kifua itabaki usawa wa kifua hata mti ukiishi miaka mia. Jambo hili niliambiwa baadaye na binti yangu, ambaye alikuwa amelisoma darasani na akadhani utepe ule ni pambo.

Kwa kuwa sikulijua, niliongeza maji na samadi. Bogonvilia iliyoshibishwa hivyo hutoa majani kwa wingi na huahirisha maua, na hilo ndilo lililoficha kosa langu kwa muda mrefu. Ilinawiri kweli, lakini kwa upana, ikarusha vijiti virefu kila upande, na kila kijiti kilikuwa na miiba. Mke wangu alipoona mikono yangu imechanika, aliuliza ni mti gani wa kivuli unaomchoma anayeufuata. Nilimjibu kwamba unajilinda dhidi ya mbuzi. Hatukuwa na mbuzi, wala jirani zetu hawakuwa nao.

Mama mkwe alipokuja kututembelea, nilimkaribisha kwenye benchi kwa maneno mengi kuhusu hewa safi. Ilikuwa alasiri, saa ileile ya jedwali langu. Alikaa, akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia, hatimaye akatulia, na mimi nikaona kwamba kivuli chote cha miaka mitatu kilikuwa kimefunika goti lake la kulia.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "hili goti la pili nalo lisubiri lini?"

Alipotaka kuinuka, kijiti kimoja kilikuwa kimekwishashika ushungi wake. Tulimnasua watu watatu, na katika kumnasua, benchi lilipinduka.

Kwa hasira niliuadhibu mti ule kwa kuacha kabisa kuumwagilia. Baada ya wiki chache za ukavu, ulilipuka kwa rangi ya zambarau kuanzia kichwani hadi chini ya utepe, kwa maana bogonvilia huchanua vizuri zaidi udongo unapokauka kidogo. Nilimweleza mke wangu kwamba miti mingi ya kivuli ina maua, jambo ambalo ni kweli, kisha nikaongeza kwamba hiyo ni bakshishi ya uvumilivu wangu. Hakunijibu. Alikuwa dirishani, akitazama duara lake la kijani lisilo na ua hata moja.

Mama mkwe, ambaye ni mtu wa kusamehe, alirudi. Safari hii tulimweka ndani. Siku ya pili jioni alikuwa bafuni nikamsikia akiita, kwanza kwa staha, kisha bila staha, na maji meusi yakatangulia kutoka chini ya mlango kabla yake. Yalifika sebuleni yakiwa yamebeba ndala yake moja, ambayo ilipita mbele yangu taratibu na kugota kwenye mguu wa meza.

Fundi bomba alikuja asubuhi, akachimba kando ya ukuta, akafungua kiungo cha bomba, akaingiza mkono na kuvuta. Kilichotoka kilikuwa kirefu kuliko mkono wangu, kimejaza umbo la bomba barabara, kahawia, laini, chenye maelfu ya nyuzi kama shungi la nywele lililolowa. Alikilaza kwenye saruji, nacho kikabaki na umbo la bomba. Alieleza kwamba kiungo kilikuwa na ufa mwembamba, na mzizi unaotafuta unyevu haubishi hodi. Ukipata upenyo wa unywele huingia, ukishaingia hukuta maji na mbolea, na hauna haja ya kutoka tena. Kisha akainua macho, akatazama kichaka cha mke wangu, akavunja kijani kimoja na kuona utomvu mweupe.

"Huu ni mti, mzee. Ukiuacha unafika mita 20. Nani anaunyoa hivi?"

Mke wangu aliuficha mkasi nyuma ya gauni. Akaugeukia mti wangu wa zambarau, akautazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Kwa miaka mitatu na nusu alikuwa amekinyoa kivuli changu, nami nilikuwa nimekishurutisha kichaka chake kiwe dari.

Usiku ule nilisoma kuhusu bogonvilia, kwa kuchelewa kama ilivyo desturi yangu. Kumbe ile rangi si maua bali ni majani yaliyogeuka. Ua lenyewe ni jeupe, dogo, limejificha katikati. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliikusanya nchini Brazili mwaka 1767, akiwa katika safari ya baharini ya Louis-Antoine de Bougainville, na msaidizi wake, Jeanne Baret, alikuwa mwanamke aliyesafiri kwa mavazi ya kiume. Nilimwamsha mke wangu nimweleze kwamba mmea huo umekuwa ukisafiri na watu wanaodhaniwa sivyo tangu mwanzo, na kwa hiyo kosa langu lina historia. Alisema nizime taa.

Fikasi ya dirishani ilibidi ing'olewe, na bomba likabadilishwa. Kabla ya hapo tulikata vijiti vyake kadhaa, kwa kuwa huota mizizi bila shida, na kimoja sasa kimepandwa kwenye kona ya mbali, mita 15 kutoka kwenye ukuta na bomba lolote. Kinanifika gotini. Mke wangu amekiwekea kibati kilichoandikwa kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa: MTI. Bogonvilia haikuhamishwa, na utepe mwekundu bado uko kifuani. Mama mkwe ametuma salamu kwamba atakuja mwezi ujao, na kwamba benchi tuliache palepale, mwavuli atakuja nao mwenyewe.