Stika ya Baba Mkubwa

Kwanza ieleweke: Baba Mkubwa alikuwa ananyoosha mkono anawe. Hakuwa anamwomba mtu kitu.

Ilikuwa Idi ya 2019, kwake Tanga, tumekaa mkekani. Sinia la pilau limeshatua katikati, na kijana wa birika na beseni anazunguka polepole, kila anayemnawisha anasalimiana naye kwanza. Zamu ya Baba Mkubwa ikachelewa. Mzee akatoa kiganja, akamwinulia kijana macho ya kusema "na mimi nina njaa, mwanangu." Nikampiga picha.

Stika za WhatsApp zilikuwa zimeingia mwishoni mwa 2018, na mimi nilishapata ule ugonjwa wa kumtazama mtu na kuona stika. Usiku, kitandani, nikaizungushia picha kidole kwenye kioo cha simu, taratibu, kama fundi anayekata shingo ya kanzu. Birika likabaki nje. Beseni nje. Kwa bahati mbaya na sikio la kushoto likabaki nje. Nikapata mzee wa kofia na kanzu nyeupe, kiganja mbele, macho ya huruma. Chini nikaandika: TUMA NA YA KUTOLEA.

Aliyewahi kutumiwa elfu kumi kavu, akafika kwa wakala akakatwa, akarudi nyumbani na pungufu na kinyongo, anajua kwa nini nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaamka.

Sasa ile programu ya kutengenezea ilikuwa na sharti: pakiti haipiti mpaka zitimie stika tatu. Nikaongeza mbili harakaharaka, nyuso za mkeka uleule. Ikauliza jina la pakiti, nikaandika "Mikosi ya Ukoo". Ikauliza jina la mtengenezaji. Saa sita za usiku akili ya mtu inakuwa imeshalala, vidole ndivyo vinakesha. Nikaandika "Mzee wa Ubwabwa", jina nililobandikwa na ukoo mzima tangu nikiwa na miaka saba, kwa sababu ambazo hazihusiani na habari hii.

Nilimtumia binamu mmoja. Mmoja tu! Baada ya wiki mbili namuuliza nauli bodaboda nisiyemjua hata kwa jina, ananijibu kwa uso wa baba yangu mkubwa. Nikajiona msanii.

Usanii ukaishia msikitini. Baba Mkubwa ni mwalimu mstaafu, na pia ndiye mweka hazina wa msikiti. Aliandika kwenye grupu la waumini kama anavyoandikaga ubaoni, mkato na nukta mahali pake: ndugu waumini, umeme wa msikiti unakaribia kwisha, tuchangie. Akajibiwa kwa uso wake mwenyewe. Akatokea wa pili naye, na uso uleule. Nasikia imamu aliandika "Astaghfirullah", kisha akaiweka stika kwenye zile anazozipenda.

Jioni simu ikaita.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mwanangu, wewe ndiye unayejua mambo ya mitandao. Jumapili kuna kikao. Njoo unitafutie huyo hayawani."

Nilikwenda na miwani ambayo siihitaji. Nikatoa mhadhara. Nikaeleza kwamba mitandao ni bahari, kitu kama hiki kinaweza kuwa kimetoka Mombasa, hata Muscat. Nikaonyesha jinsi picha inavyokatwa kwa kidole. Na kwa ujuaji ulionijaa, nikaongeza kwamba programu hizi hazikubali stika chini ya tatu. Shangazi akatikisa kichwa kwa makini.

"Maneno nimesamehe," akasema Baba Mkubwa. "Kinachoniuma ni sikio. Sikio langu limekwenda wapi?"

Nikajibu kwamba hilo linaonyesha mhalifu hana elimu.

Mjukuu wake wa darasa la tano alikuwa ameegemea goti lake, simu ya babu mkononi. Akaigusa ile stika. Kumbe ukiigusa hufunguka, na chini yake kuna maandishi.

"Babu, mbona imeandikwa? Mikosi ya Ukoo. Mzee wa Ubwabwa."

Watu kumi na wanne wakanigeukia. Binamu yangu peke yake ndiye aliyetazama dari, kama anahesabu boriti. Nikasema huenda kuna Mzee wa Ubwabwa mwingine, Muscat.

Shangazi hakupandisha sauti. Alisogeza kiti chake karibu na changu, akauliza kwa upole ambao bado naota nao usiku: "Umesema haziwi chini ya tatu. Ya pili na ya tatu ni akina nani?"

Ya pili sitaitaja hapa. Shangazi naye ana simu.

Nikapigwa faini ya Sh 50,000, iingie kwenye simu ya Baba Mkubwa kabla ya swala ya Isha. Nikaituma palepale uani nikitafuta viatu vyangu, elfu hamsini kamili, nikamwandikia: "Nimeshatuma, Baba. Naomba radhi." Tiki zikageuka bluu. Akawa anaandika. Akaacha. Akaandika tena, kwa muda mrefu.

Kisha ikaingia stika, ya kwanza kuwahi kuitumia maishani mwake. Kofia, kanzu nyeupe, kiganja mbele, sikio moja.