Ghazali alimtangulia Aquinas
Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema hoja ya kwamba ulimwengu lazima uwe na aliyeuanzisha ilitungwa na Thomas Aquinas, padri wa Italia. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Imam Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, alifariki 1111, zaidi ya miaka 100 kabla Aquinas hajazaliwa, na hoja yake iko wazi: kilichoanza kuwapo kina sababu, ulimwengu ulianza, basi una sababu. Sisi wa chuo cha Kurani tuliipata kabla hata ya kwenda skuli. Maalim wetu kule Nungwi, Unguja, alitutoa nje akatuonesha jahazi juu ya magogo, pamba ya kalafati ingali inachungulia kwenye maungio ya mbao, akauliza: mwaka jana hili lilikuwapo? Na hoja zenyewe, ya Ghazali na ya Aquinas, si moja. Aquinas aliona akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu ulianza. Yeye alitazama utegemezi wa sasa hivi, mfano wa taa ya msikitini inayoning'inia kwa mnyororo: pete hushikwa na pete, lakini juu lazima pawe na boriti. Mimi hii ya boriti ndiyo inayonikaa moyoni, maana haivunjiki hata mtu akisema ulimwengu hauna mwanzo. Nyinyi wenzangu mliosoma tauhidi, maalim wenu walikufundisheni ipi?