Uso Ukipinda Ghafla, Kwanza Hospitali

Mama yangu mdogo anayeishi Mbagala aliamka alfajiri, akasukutua, na maji yakamchuruzika upande wa kulia wa mdomo hadi kwenye kanga. Alipoketi kunywa chai, aliona ladha yake imebadilika, na redio ya jirani ikawa inamkera sikio la kulia kuliko kawaida. Kwenye kioo akakuta jicho la upande huo halifumbi na mdomo umevutwa kushoto. Usiku uliotangulia alikuwa amelalamika maumivu nyuma ya sikio hilohilo, nasi tukampa panadoli, tukalala.

Kabla ya saa nne nyumba ilijaa watu. Mmoja alisema jini limempiga kofi, mwingine akalaumu feni iliyomwelekea usoni usiku kucha, na wa tatu, aliyesikika kuliko wote, akasema ni kiharusi na akashauri achuliwe kwa mafuta. Siku tano zilipita hivyo, na siku hizo ndizo zinazonifanya niandike.

Neva ya uso, ambayo ni ya 7 kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo, hupita ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio. Ikivimba humo haina pa kutanukia, hivyo hujibana yenyewe, na amri za ubongo hazifiki kwenye misuli. Kwa kuwa neva hiyo hubeba pia ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi na hutawala msuli mdogo unaopunguza makali ya sauti sikioni, chai na redio vilikuwa vimeshatueleza habari yote, ila hatukujua kusikiliza. Hali hii huitwa kupooza kwa Bell, kwa jina la Charles Bell, daktari wa upasuaji kutoka Uskoti aliyeieleza neva hiyo mwaka 1821. Chanzo chake hakijathibitika kikamilifu, ingawa wanaoshukiwa zaidi ni virusi vilevile vinavyoleta malengelenge ya mdomoni. Wenye kisukari na wajawazito, hasa miezi ya mwisho, huipata zaidi.

Siwalaumu majirani, kwa sababu walikuja kwa upendo na walibaki mpaka jioni. Ninachokipinga ni mpangilio: dua isomwe, lakini isomwe ndani ya bajaji inayokwenda hospitali. Vidonge vya predinisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, husaidia zaidi vikianzwa ndani ya saa 72 tangu uso ulegee, na saa hizo hazimsubiri mjomba atoke Mkuranga.

Ili kuitofautisha hali hii na kiharusi, daktari humwambia mgonjwa akunje paji la uso. Sehemu hiyo hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo katika kiharusi mara nyingi paji huendelea kukunjika, ilhali neva ya uso yenyewe ikidhurika, paji la upande huo hubaki laini kabisa. Kipimo hicho, hata hivyo, si cha kufanyia sebuleni ili mtu aambiwe apumzike. Mkono ukilegea au maneno yakikokotwa, hapo hata dakika ni nyingi. Malengelenge ndani ya sikio nayo yatajwe kwa daktari, kwani huenda ni mkanda wa jeshi ulioshika neva, nao huhitaji dawa za virusi pia.

Jicho nalo husahaulika sana, na kwa vumbi la barabara zetu hilo linanitia hofu. Lisipofumba hukauka na kioo chake huchubuka, ndiyo maana linahitaji matone ya kulilainisha mchana, na usiku lifungwe kwa plasta laini.

Wengi hupona ndani ya miezi michache, hata baadhi ya waliochelewa. Mama mdogo sasa anafumba jicho na anatabasamu karibu sawasawa, lakini neva iliporudi ilijiunga vibaya, na kila akila, jicho la kulia humtoka machozi. Kwenye shughuli hukaa pembeni na leso mkononi, na wasiomjua humpa pole ya msiba.