Niachieni jioni na mjukuu wangu

Kila mzazi anaijua saa ile. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku mtoto mdogo amechoka ila hataki kukubali, mzazi karudi kazini hoi, chakula bado kiko jikoni, simu inaita, na kuoga kumegeuka vita. Niliipitia saa hiyo nilipokuwa baba, na ninachokikumbuka zaidi ni haraka: oga, kula, lala, kesho kuna kazi. Leo saa ile ile, nikiwa na mjukuu wa miaka mitatu na nusu, ndiyo ninayoisubiri tangu asubuhi.

Wanaotuona hunisifu kwamba nina subira. Sifa hiyo siipokei. Subira ni ya mama yake, anayemwogesha mtoto huku akiwaza mkutano wa kesho. Mimi nimetuliwa mzigo tu. Homa ikipanda usiku wa manane, si mimi nitakayeamua cha kufanya. Chanjo, ada, nani atamfuata shuleni, vyote vina wenyewe. Mtu aliyeshushiwa gunia kichwani akitembea kwa madaha, usimwite shujaa. Naamini furaha ya mababu na mabibi wakati wa jioni haitokani na busara ya uzee. Inatokana na kutowajibika, na tukilikubali hilo bila aibu tutaitunza vizuri zaidi.

Binti yangu aliwahi kusimama mlangoni akitutazama, akasema, "Baba, mimi hukuwahi kunikalia chini hivi." Hakuwa analalamika, ila hakuwa anatania pia. Nikamwambia yeye alipewa baba, na baba siku zote ana saa ya kutazama. Akacheka, akaenda zake kuanua nguo.

Tukikaa hivyo huwa hatufanyi lolote la maana. Mtoto anapanda pajani, anauchukua mkono wangu, anautafuta ule mshipa mnene uliotuna nyuma ya kiganja. Anaubonyeza kwa kidole mpaka unalala. Anaachia, mshipa unainuka. Anacheka, anabonyeza tena. Halafu anaugeuza mkono wake mwenyewe, anautafuta mshipa wake, haupati. "Wangu uko wapi, Babu?" Nikamwambia upo ndani, umelala. Akasogeza mdomo karibu kabisa na mkono wake, akauita. Mchezo huu unaweza kula nusu saa. Hakuna mzazi mwenye nusu saa ya namna hiyo katikati ya jioni, wala simlaumu.

Baada ya hapo ni hadithi, na hadithi ni moja. Ninazo nyingine nyingi, nimejaribu kuzichomeka, zimekataliwa. Anataka ile ya fisi aliyekiona kivuli cha mwezi kisimani akadhani ni mnofu. Nikiruka mahali, nakamatwa: "Bado hajachungulia!" Nikimfanya fisi aseme kwa sauti nyembamba badala ya nzito, narudishwa mwanzo. Watu wazima tunachoshwa na marudio, tunadhani na mtoto anapoteza muda. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwasomea watoto wa miaka mitatu vitabu vya hadithi vyenye maneno mapya. Wengine walisomewa hadithi ile ile mara kwa mara, wengine hadithi tofauti tofauti, ingawa maneno mapya waliyasikia mara sawa. Waliorudiwa hadithi moja ndio waliyashika maneno vizuri zaidi. Sikuhitaji ruhusa ya chuo kikuu kumrudia fisi wangu, lakini nilifurahi kuona kwamba mjukuu ndiye mwenye haki.

Utafiti mwingine ulinichekesha zaidi. Mwaka 2021 James Rilling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwapima mabibi 50 ubongo huku wakiwaonyesha picha. Walipoiona picha ya mjukuu, ziliamka zaidi sehemu za ubongo zinazohusika na kuhisi anachohisi mwenzako. Walipoiona picha ya mtoto wao mwenyewe aliyekwisha kuwa mtu mzima, zikafanya kazi zaidi sehemu za kujaribu kuelewa mwenzako anawaza nini. Nani mwenye watoto wakubwa atabisha? Mjukuu akinuna, nami moyo unaninunia. Mama yake akinuna, naanza kupiga hesabu: nimesema nini, au ni kazini?

Sasa nigeukie wazee wenzangu, maana sisi ndio tunaoiharibu jioni hii kuliko wazazi. Mtoto anakuja mbio, sisi tunampa simu ili "atulie". Au televisheni inanguruma, babu anatazama taarifa ya habari, mtoto anatazama mwanga tu, na watu wanasema wamekaa pamoja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni heri. Tena mwanga mkali usiku huchelewesha melatonini, ile homoni inayouambia mwili kwamba giza limeingia, na macho ya mtoto mdogo hupitisha mwanga mwingi kuliko yetu. Anayepewa simu saa moja na nusu ili atulie, saa tatu ndiye anayeruka kitandani, na sisi tukiwa tumeshaaga.

Hasara ninayoiona mimi ni kubwa zaidi ya usingizi. Kuna jambo moja ambalo umri umetupa bure, nalo hatulitumii. Kadiri mtu anavyozeeka, saa ya mwili wake husogea mbele: anasinzia mapema, anaamka kabla ya jogoo. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha ule wa mchana, kwa hiyo naye jioni mapema macho yanaanza kuwa mazito. Nyumba nzima ikiwa bado imechangamka, sisi wawili tunapiga miayo pamoja. Wazazi wanalazimika kumbembeleza alale huku wenyewe wakitamani kubaki macho wafanye mambo yao. Mimi simbembelezi kwa kitu nisichokitaka. Mara nyingi mimi ndiye ninayeanza, na naamshwa kwa kidole kwenye kope: "Babu, fisi amelala?"

Sisemi mzee asisaidie. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake, waliokaa na Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanya matunda na mizizi kaskazini mwa Tanzania, waliandika katika miaka ya 1990 jinsi bibi wanavyochimba mizizi kwa bidii na kuwalisha wajukuu hasa pale mama anapokuwa na kichanga. Wakapendekeza kwamba huenda ndiyo sababu mojawapo ya binadamu kuishi miaka mingi hata baada ya kuacha kuzaa. Mjadala wake bado ni mkali, ila bibi anayehangaika kwa ajili ya mjukuu hakuzaliwa jana. Wapo pia bibi na babu wanaolea wajukuu peke yao, usiku na mchana, kwa sababu wazazi hawapo. Jioni yao ni ya mzazi, yenye haraka zote nilizozitaja, tena magoti yakiuma. Hao, ndugu na majirani wawatafutie mtu wa kuwapokea mzigo walau kidogo, nao waonje kukaa na mtoto bila kumkimbiza kuoga.

Kwa wengine tulio na bahati ya kuwa ziada katika nyumba, naomba mambo madogo tu. Wazazi, msinipe orodha. Nikiambiwa nimfundishe namba na herufi, tayari nimekuwa mwalimu wa zamu, na mtoto atanikimbia kama anavyomkimbia yule wa darasani. Hata hivyo, fisi akishuka kisimani anahesabu ngazi, na tumefika kumi na moja bila mtu kuagiza.

Nami nina deni langu. Saa ya kulala aliyoiweka mama yake siigusi, hata nikiombwa kwa sauti ya kunyenyekea. Wapo mababu wanaojipatia mapenzi ya mtoto kwa kuvunja kila amri ya mzazi, kisha anayebaki na kilio cha asubuhi ni mwingine. Mimi nikishapewa ishara pale mlangoni, namtumbukiza fisi haraka, hata kama bado yuko ngazi ya saba. Mtoto analalamika kwamba nimeruka. Namwambia akamlalamikie mama, ndiye mwenye nyumba.