Krimu niliyoipa talaka

Mara ya kwanza kula krimu ya Devon, mkoa wa kusini-magharibi mwa Uingereza, ilikuwa mkahawani, kijiji kimoja pembezoni mwa nyika ya Dartmoor, mwaka wangu wa kwanza nchini humo. Niliwekewa skonzi mbili za moto, jamu ya stroberi, na kibakuli cha kitu cha manjano chenye ukoko juu, kinene hata kijiko kilisimama chenyewe. Nikalamba ncha ya kijiko. Hapo hapo nikajikuta Tanga, jikoni kwa bibi.

Bibi alikuwa akichemsha maziwa alfajiri, akiyaepua, akiyaacha sufuriani yapoe bila kuguswa. Tukiamka tunakuta utando mzito umejikunja juu yake, na hapo ndipo ugomvi wa wajukuu ulipoanzia. Mwenye bahati aliukomba kwa kipande cha chapati, akaunyunyizia sukari, akakimbilia uani kula peke yake. Wengine pwani wanauita malai. Waingereza wa Devon na wa mkoa jirani wa Cornwall wameuchukua utando ule ule, wakaupa saa nyingi za moto mdogo, ukawa chakula kamili. Kopo lake limeandikwa "clotted cream". Mimi naiita krimu mgando, kwa udugu wake na maziwa mgando, ingawa hii haichachi.

Jioni ile tumbo lilinivimba kama ngoma. Basi lote la kurudi mjini Exeter lilisikia lilivyokuwa likiunguruma. Nami najijua: tangu nilipovunja ungo, glasi ya maziwa matupu hainikai. Sikuhitaji shahidi wa pili. Nikaipa krimu talaka, tena zote tatu kwa mkupuo mmoja, na kwa miaka minane sikuigusa.

Aliyenirudisha ni jirani yangu, dada mmoja wa Kipemba tunayeazimana chumvi na watoto. Siku hiyo alikuja na kopo la krimu, akaliweka mezani kwa kishindo.

"Shoga, kula. Hii haina laktosi."

"Na mafuta je?"

"Mafuta sikuulizwa mimi."

Tukala. Tumbo halikusema neno. Lakini mimi ni mtu wa kusoma maandishi ya makopo, na usiku ule niliyapanga mawili kando kwa kando, hili lisilo na laktosi na lile la kawaida. Nikashika kalamu. Nilipomaliza hesabu niligundua kwamba kwa miaka minane nilikuwa nimeisingizia.

Laktosi ni sukari ya maziwa, na sukari hukaa kwenye maji, si kwenye mafuta. Krimu mgando ni mafuta kwa sehemu kubwa, karibu theluthi mbili kwa uzito. Ile ya Cornwall, ambayo jina lake limelindwa kisheria tangu 1998, hairuhusiwi kuwa na mafuta chini ya asilimia 55. Maji yaliyobaki ni machache, kwa hiyo na laktosi ni chache: gramu mbili na kitu katika kila gramu 100. Maziwa ya kawaida yana karibu gramu 5. Tena nani anakula gramu 100 za krimu? Kile kikopo cha mtu mmoja kina gramu 40, maana yake laktosi haifiki hata gramu moja. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipopitia ushahidi mwaka 2010 ilieleza kwamba wengi wenye tatizo letu hili la kushindwa kumeng'enya laktosi huvumilia hadi gramu 12 kwa mkupuo, bila dalili au kwa dalili ndogo tu.

Basi siku ile ya Dartmoor nani alinipiga? Nilijaribu kukumbuka mezani kulikuwa na nini. Skonzi ilikandwa kwa maziwa. Buli zima la chai nililimaliza mwenyewe, na jagi la maziwa nalo likakauka, maana mimi chai ya rangi naiona kama dawa. Halafu, nikisubiri basi kwenye baridi, nilinunua kikombe kikubwa cha kakao ya moto ya maziwa matupu. Mililita 300 za maziwa zina laktosi kama gramu 14. Mwizi alikuwa kwenye kikombe, nami nikaenda kumfunga jirani yake.

Nalisema hili kwa sababu sisi tuliolelewa na chai ya maziwa hatuihesabu kabisa. Mtu atakwambia, "Mimi maziwa hayanipendi," kisha anashusha vikombe vitatu vya chai iliyopikwa nusu maji nusu maziwa, na iliki juu yake. Mambo yakiharibika analaumu kipande cha keki. Na si aibu, wala si ugonjwa wa wageni Ulaya. Kimeng'enya cha laktesi, kinachovunja sukari hiyo tumboni, kwa binadamu wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Wasiopungukiwa ndio wachache. Wazungu wa kaskazini wamo, na wafugaji wetu wamo pia: mwaka 2007 mtaalamu wa vinasaba Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliowapima Watanzania, Wakenya na Wasudani, wakakuta mabadiliko ya vinasaba yanayoacha laktesi ifanye kazi hadi utu uzima, tofauti na yale ya Ulaya. Yaani Mmasai na mkulima wa Devon wamefika mahali pamoja kwa njia mbalimbali. Mimi Msambaa wa mjini nimebaki kituoni.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaonuna. Lebo ya "haina laktosi" juu ya krimu mgando inatatua tatizo dogo mno, na inaficha lile kubwa. Kikopo kile cha gramu 40 kina kalori kama 235 na mafuta gramu 25, na karibu gramu 16 kati ya hizo ni mafuta yale magumu yanayopandisha lehemu. Ushauri wa afya wa Uingereza ni kwamba mwanamke asizidishe gramu 20 za mafuta magumu kwa siku, mwanamume gramu 30. Skonzi moja, umekwisha. Kuondoa laktosi hakupunguzi hata chembe ya hayo. Mara nyingi hakupunguzi hata sukari, maana haitolewi; inavunjwa tu kuwa sukari mbili ndogo, glukosi na galaktosi. Ila watu wakiona "haina" wanajaza kijiko. Nimejiona mwenyewe.

Wala isihesabiwe kuwa ni maziwa kwa maana ya kujenga mifupa. Protini yake ni ya kutafuta kwa tochi, na kalsiamu yake haifiki hata theluthi ya ile ya maziwa ya uzito huo huo. Vitamini A ipo, kweli, na ile manjano ni karotini ya majani waliyokula ng'ombe. Lakini mtu hali krimu kwa sababu ya vitamini.

Jambo moja nalikazia sauti. Isiyo na laktosi si sawa na isiyo na maziwa. Protini za maziwa zimo zote. Mtoto mwenye mzio wa maziwa, yule anayevimba midomo au kutoka vipele, asipewe krimu hii hata kama lebo imepambwa vipi. Huyo mpatie tui la kwanza, zito, lililolala kwenye friji mpaka likaganda juu. Halitakuwa na ladha ya Devon, lakini nani kasema kila kitu kizuri lazima kiwe na ladha ya Devon?

Sasa, pamoja na maneno yote hayo, mimi leo naitengeneza nyumbani hiyo hiyo isiyo na laktosi. Sababu ni ulafi tu.

Krimu zisizo na laktosi nilizozikuta duka la karibu yangu zilikuwa nyepesi, zimepashwa moto mkali kiwandani, na zilipokaa kwenye oveni zilikataa katakata kujenga ukoko. Nikaamua kuanza na krimu nzito ya kawaida, ile ya asilimia 48 ya mafuta, lita moja. Natia matone ya laktesi kwa kipimo cha chupa, nakoroga, naacha kwenye friji siku nzima na usiku wake. Wanaouliza kuhusu halali, na huwa wanauliza: laktesi hizi hupatikana kwa chachu au kuvu, si tumboni mwa ndama kama kimeng'enya cha jadi cha jibini. Wewe soma chupa yako tu uhakikishe.

Kesho yake namimina kwenye sinia la kuokea, kina kisizidi vidole viwili, naingiza oveni nyuzi 80 na naenda zangu kulala. Inakaa humo kwa muda wa saa kumi na mbili hivi. Siifuniki, siikorogi, sichungulii. Alfajiri nyumba nzima inanukia kama samli inapoanza kuiva. Naitoa, inapoa juu ya meza, kisha friji tena mpaka jioni bila kuitikisa. Nikipitisha kijiko chini ya ukoko unanyanyuka kipande kimoja, na chini yake krimu imejikusanya mabonge mabonge, na chini kabisa kuna maziwa mepesi ya buluu-buluu.

Na hapa ndipo ulafi wangu unapopata hoja. Laktosi ikishavunjwa, zile sukari mbili ndogo ni tamu kuliko mama yao, na kwenye moto hubadilika rangi upesi zaidi. Kwa hiyo ukoko wangu hutoka kahawia ya dhahabu, na una utamu wa mbali kama wa maziwa yaliyoshika chini ya sufuria, lakini bila ule uchungu wa kuungua. Mara ya kwanza niliiacha kwa muda wa saa kumi na nne, ikawa kahawia kama ngozi ya kobazi. Ilibidi niondoe juu. Sasa naiwahi.

Bibi mmoja wa Kidevon anayekaa mlango wa pili nilimpelekea kibakuli. Aliutazama ukoko kwa mashaka, akaonja, akanyamaza, akaonja tena. Kisha akanionya nisije nikaanza na jamu. Devon krimu hutangulia, jamu hukaa juu. Ng'ambo ya mto Tamar, Cornwall, wanaanza na jamu, na pande zote mbili wanalichukulia jambo hili kwa uzito ambao sisi tunauweka kwenye mahari. Nikamwambia mimi ni mgeni, siingilii ugomvi wa ndugu.

Mimi jamu siihitaji. Mahamri yaliyotoka kwenye karai, yakavimba vizuri hata ndani pakawa patupu, unayapasua ubavuni na kutia kijiko kimoja cha krimu baridi mle ndani. Iliki ndiyo inayofanya kazi hapo. Watu wa Cornwall wana kimkate chao cha hamira wanachokipasua hivyo hivyo, na wakimimina shira nyeusi juu ya krimu wanaita radi na umeme. Sisi tuna kaimati, na shira tunayo. Jirani yangu Mpemba huweka krimu pembeni ya sahani ya kaimati na kuchovya. Amekulia kwa shangazi yake Muscat, na huko krimu ya kopo na tende ni jambo la kawaida. Tende iliyotolewa kokwa, ikajazwa krimu kidogo na punje moja ya chumvi, ni kitu cha kufuturia ambacho ningeshindana nacho mwezi mzima kama si zile gramu 16.

Kwenye vyakula vya chumvi iwe na adabu. Usiichemshe, itaachana na kuwa ziwa la mafuta. Nimeharibu mchuzi mzima wa uyoga kwa kutotii hilo. Epua kwanza, kisha tia. Viazi vilivyopondwa vikiwa bado vinatoa moshi, kijiko kimoja badala ya siagi na maziwa, vinatosha watu wanne. Tambi za sukari ndizo nilizoshindwa nazo. Ukichanganya na nazi iliyomo tayari zinakinaisha. Halua usijaribu kabisa. Utamu juu ya mafuta juu ya samli, kinywa kinakufa.

Bado nakula kikopo kimoja kwa wiki, pengine kimoja na nusu. Chai ndiyo niliyoibadilisha: nyumbani naipika kwa maziwa yasiyo na laktosi, maana pale ndipo penye vikombe vitatu kwa siku, na pale lebo inafanya kazi ya haki. Yale maziwa mepesi yanayobaki chini ya sinia siyamwagi, nakandia chapati. Zinatoka laini, na mwanangu wa pili ameshagundua kwamba siku ya krimu ndiyo siku ya chapati, kwa hiyo yeye na kaka yake wanaamka mapema na kugombana nani ataukomba ukoko uliong'ang'ania pembeni mwa sinia.